Creatine kwa anayeanza gym: vile "ni" moja nusura imnyime kijana wangu kazi ya mashine ya chai

Wakuu, chamgei. Nawasalimu wote, mlioamka na kazi na mlioamka na simu.

Juzi kuna kijana humu aliuliza swali. Ameanza gym wiki hii na anataka kujua creatine ya bei nafuu inapatikana wapi. Nimesoma majibu yenu yote. Wengine mmemtajia mikebe yenye picha za simba na ngumi. Wengine mmemwambia bila hiyo anapoteza wakati. Mmoja amemwambia achanganye na soda ya nguvu, na huyo Mungu amsamehe.

Hakuna hata mmoja alimuuliza kama amekula asubuhi.

Sasa wacha mimi nimjibu. Ninayosema yalitokea kwa boma yangu, mke wangu yupo, majirani wapo, mtu akitaka aje Merigi aulize. Sitaongeza chumvi. Chumvi huku ni ya ng'ombe.

Nitaandika kreatini, vile tunaitamka sisi. Na hilo neno mlisome polepole, kwa sababu shida yote ilianzia hapo.

Kwanza mnijue. Mimi niliishia darasa la nne, hiyo siwafichi. Lakini plot ni yangu, mashine ya posho ni yangu, nyumba za kukodisha ni zangu, na hakuna mwenye digrii alinisaidia kubeba hata tofali moja. Kwa hivyo mkitaka kunicheka kwa Kiswahili, chekeni, kodi mtanilipa.

Nyuma ya mashine yangu ya posho kulikuwa na stoo ya mahindi. Panya walinishinda, nikatoa mahindi. Akaja kijana wa hapa hapa kutaka kukodisha afungue gym. Jina lake nalijua na baba yake namjua, lakini yeye anataka aitwe Coach, basi tumwite Coach.

Vyuma hakuwa navyo. Alimwaga simiti kwa mikebe ya mafuta ya kupikia, akachomeka bomba ya maji katikati, ikakauka. Hapo sikumcheka. Mtu huanza na alichonacho.

Nilichocheka ni ukuta. Alichukua rangi nyekundu akaandika POTY FITNESS. Alitaka BODY. Sisi Wakipsigis b na p, d na t, hutupiga chenga mdomoni, hiyo inajulikana, lakini mtu akishika brashi anaweza kuuliza jirani. Nikamwambia, Coach, hata mimi wa darasa la nne naona hapo kuna neno limeanguka. Akasema hiyo ni brand.

Basi. Ukisimama kwa mlango wa posho unawaona wote wakiingia.

Anayeanza leo tayari ana glavu. Ana mkanda wa kiuno mpana kuliko wa askari. Ana chupa ya kutikisa. Kitu hana ni nyama ya kushikilia huo mkanda. Anainua simiti kidogo, anakimbia kwa kioo, anakunja mkono, anaangalia kama kuna kitu kimeota tangu ile dakika. Hakijaota. Anapiga picha hivyo hivyo.

Mimi nilikuwa nawaangalia kama sinema ya bure. Mpaka siku nilimwona kijana wangu ndani ya sinema.

Kijana wangu anaitwa Langat. Alimaliza form four, akakaa nyumbani akitafuta kazi. Ni mrefu na mwembamba, upepo wa Agosti ukivuma unataka kumshika mkono. Rafiki yake ni Nyabuto, mrefu vile vile. Mama ya Nyabuto ni Mkisii, alichuma chai Kericho miaka mingi kwa mikono yake. Mashine zikaja, wakaambiwa asanteni. Akahamia hapa Merigi, anauza ndizi na mboga sokoni.

Kwa wale hawajawahi kuiona, ile mashine ya kuvuna chai hubebwa na watu wawili. Mmoja anashika upande huu wa mstari, mwingine upande ule, inapita juu ya chai kama mashine ya kinyozi, na nyuma inaburuta mfuko. Mnapanda mlima nayo, mnashuka nayo, kutwa.

Sasa habari ikafika kwamba kontrakta mmoja upande wa Kericho anatafuta vijana wa kuibeba. Ndiyo, mashine ile ile iliyomtoa mama Nyabuto kazini. Nilidhani atakasirika mtoto wake akienda. Alisema tu, "Kama imekula kazi yangu, basi imlishe mtoto wangu."

Mimi huyo mama namheshimu tangu siku hiyo.

Kontrakta alikuwa na sheria yake. Anachukua wawili wawili, wa kimo kimoja. Mmoja akiwa mrefu na mwingine mfupi, chai inakatwa upande kama nywele za mtu aliyetoroka kinyozi. Kwa hivyo mmoja akikataliwa, mwenzake naye anarudi nyumbani mpaka apatikane wa kimo chake. Na hapa kwetu warefu kama hao wawili si wengi.

Mjue basi kitu kilikuwa mezani. Haikuwa mambo ya kifua kwa picha. Ilikuwa kazi ya nyumba mbili.

Vijana wakaingia gym wapate nguvu kabla ya siku ya kuchaguliwa. Mimi nikasema sawa, hata kodi ya gym inarudi kwangu.

Lakini Coach hakuwafundisha hata kuchuchumaa vizuri. Aliwaambia mwili bila kreatini ni gari bila mafuta, watasukuma mpaka wazeeke. Akatoa mkebe mkubwa mweusi. Akachota kijiko, akakunja kwa karatasi kama vile tulikuwa tunauziwa majani ya chai zamani, akasema hiyo ni bei ya mwananchi.

Nyabuto akaenda kumwambia mama yake. Mama akamuuliza ni kitu gani. Akasema ni unga. Mama akamwambia kama ni unga, wa wimbi uko jikoni. Mazungumzo yakaishia hapo, na Nyabuto akaendelea na uji.

Langat wangu akanunua. Pesa alitoa kwa maziwa anayonisaidia kupeleka asubuhi, kwa hivyo kwa njia nyingine nilinunua mimi.

Hapa niwaambie jambo kuhusu hiyo bei ya mwananchi. Ukinunua kijiko leo na kijiko kesho unaona ni kidogo. Ukikaa chini ujumlishe, umenunua mkebe mzima na mkebe wenyewe hauna. Ni kama mtu ananunua ng'ombe kwa kikombe cha maziwa.

Tena ule mkebe wa Coach haukuisha. Vijana walichotewa wiki baada ya wiki, mkebe uko vile vile, kama chupa ya mafuta ya yule mjane wa Biblia. Mimi nilianza kufikiri tuko na nabii Merigi. Halafu mwenye duka jirani yangu akaniambia Coach amekuwa mteja mzuri sana wa glukosi. Nabii akaishia hapo.

Naendelea. Nilikuwa nimeitwa, kuna mama ameleta debe ya mahindi.

Coach alimwambia Langat aanze na loading. Mimi loading najua ni ya lori. Kumbe ni kumeza huo unga mara nyingi kwa siku ndio ujae haraka. Langat akafanya hivyo. Tumbo lake likaanza kunguruma mpaka mama yake akadhani mvua imekuja tutoe nguo kwa kamba.

Unga ukamshinda kumeza na maji. Akili ya Langat ikazunguka, ikafika mahali akili ya kijana wa Kipsigis hufika ikichoka. Ikafika kwa mursik.

Kwa wale wageni, mursik ni maziwa tunayotia kwa kibuyu, ambacho tunaita sotet. Kibuyu kinasuguliwa ndani na makaa ya mti maalum, maziwa yanalala humo siku kadhaa mpaka yanachacha na kuiva. Huku kwetu maziwa mabichi ni ya mtoto na paka. Nguvu inakuja yakishalala kwa sotet. Kila mtu anajua hivyo, hata wale wanakimbia marathon.

Sasa Langat akafikiri, kama maziwa yanapata nguvu kwa kulala, kreatini nayo ikilala si itapata nguvu mara mbili?

Hakuuliza mtu. Akamwaga unga wa wiki nzima kwa sotet ya nyumbani, akafunga kifuniko, akaacha iive.

Nawaambia wakuu, Mzungu aliyetengeneza hiyo dawa alifikiria mambo mengi, lakini hilo hakulifikiria.

Na sotet ni ya boma. Haina jina la mtu. Mimi nilikunywa. Mke wangu alikunywa. Pasta alikuja kutuombea akakunywa, akaomba kuongezewa. Mimi niliona kitu kama mchanga chini ya kikombe, nikajua ni makaa.

Siku ya kuchaguliwa ikafika. Vijana walienda Kericho, wakapewa mashine, wakapanda nayo mlima na kushuka. Langat na Nyabuto wakafanya vizuri, na niseme ukweli, Nyabuto wa uji hakuachwa hata hatua na Langat wa mkebe. Supervisor akawapenda. Akasema imebaki kupimwa tu, akawatuma kliniki moja watolewe damu na mkojo, wakiwa sawa waripoti.

Langat akarudi nyumbani akitabasamu mpaka masikioni.

Akaniambia, "Baba, imeingia. Daktari mwenyewe amesema kreatini iko juu. Juu kabisa."

Nikamuuliza, hiyo ni mzuri? Akaniambia baba, si ndiyo tulikuwa tunanunua.

Hapo hata mimi niliamini. Nikajiambia, kumbe huyu Coach tulimwonea. Mtu anakuuzia kitu, kinaonekana mpaka kwa damu, unataka nini tena? Mbolea ya serikali tunaweka kwa shamba na hatuioni kwa mahindi.

Langat hakungoja daktari amalize kuongea. Aliambiwa akae kando aitwe tena, yeye akasikia "juu" akaondoka kwenda kutangaza.

Coach aliposikia hakulalia hiyo bahati. Alichukua chaki akaandika kwa mlango wa gym, IMEPIMWA HOSPITALI, IMEINGIA DAMU. Vijana walipanga foleni kuliko ya posho yangu. Hata mwalimu mmoja wa sekondari nilimwona na karatasi yake mkononi, amevaa tai.

Halafu simu ikalia. Ni supervisor. Akaniambia kijana wangu asiripoti. Kliniki imesema damu yake inaonyesha figo huenda ziko na shida, na yeye hawezi kupeleka mtu wa figo mbovu shambani amwangukie na mashine. Na huyo mwenzake naye angoje nyumbani, kwa sababu hana wa kubeba naye.

Nilikaa kwa gunia. Kijana hajafika hata miaka ishirini na tano na figo zimeisha? Mama yake akaanza kulia, mimi nikamkemea, halafu nikaenda nyuma ya zizi ili asinione.

Kitu kiliniuma zaidi ni mama Nyabuto. Hakuja kulalamika. Alipita na beseni yake ya ndizi, akasimama kwa mlango, akauliza kama Langat amekula. Mtoto wake alikuwa amekosa kazi kwa sababu ya mtoto wangu, na yeye anauliza wangu kama amekula.

Kesho yake nikavaa koti, nikamchukua Langat, tukaenda kliniki. Daktari ni msichana wa Kikuyu, wazazi wake wana duka la vitambaa mjini. Ni mdogo, lakini ana macho ya mtu anayehesabu chenji.

Nilienda na hasira yangu. Sikungoja kuulizwa.

Nikamwambia, "Daktari, huyu kijana yuko sawa. Hiyo kitu mliona kwa damu ni kreatini. Tulinunua sisi wenyewe."

"Mzee wangu, sikusema kreatini. Nilisema kreatinini."

"Kreati nini?"

"Kreatinini."

"Sasa si ndio nakuuliza, nini?"

Akaweka kalamu chini. Langat alikuwa anaangalia viatu vyake.

Daktari akatueleza pole pole, na hapa naomba mnisikilize kwa sababu kuna watu wazima humu hawajui. Haya ni majina mawili. Kreatini ni kitu mwili unatumia kwa misuli, iko kwa nyama na samaki, na mwili wenyewe unatengeneza. Kreatinini ni takataka inayobaki ikishatumika, na figo ndizo zinaifagia nje kwa mkojo. Ni kama kuni na jivu. Wakipima damu wakikuta jivu ni jingi, wanauliza kama anayefagia ni mgonjwa.

"Ni" moja tu imeongezwa hapo mwisho, wakuu. Langat alisherehekea jivu.

Lakini daktari hakuishia hapo. Akamuuliza Langat anakunywa huo unga namna gani. Langat akasema na mursik. Akamuuliza kama anachanganya wakati wa kunywa. Langat akarudi kuangalia viatu. Nikamsukuma na kiwiko.

"Naweka kwa sotet."

"Inakaa humo muda gani?"

"Mpaka iive, daktari."

Yule msichana akageuka akaangalia dirisha. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Aliporudi kutuangalia uso ulikuwa wa kazi lakini macho yamejaa maji.

Akasema kreatini ikikaa siku nyingi ndani ya kitu kichachu, inageuka. Inageuka kuwa ile nyingine, ile yenye "ni" ya pili. Kwa hivyo kijana wangu alikuwa hanywi kuni hata kidogo. Alikuwa anachoma kuni kwa kibuyu na kunywa jivu. Ndiyo sababu damu ilijaa. Hata mtu mwenye figo za simba angeonekana mgonjwa.

Kisha akaniuliza hiyo sotet ni ya nani.

Nikasema ni ya boma.

"Na wewe, mzee, unakunywa?"

Nilikunja mkono wa koti nikampa mshipa.

Yangu pia ilikuwa imepanda. Mzee mzima wa presha, sijawahi kuinua hata mkebe mmoja wa simiti, niko kwa loading. Alinigombeza mimi zaidi ya Langat. Akasema mtu wa presha au sukari au figo hafai kugusa huo unga kabla ya kuongea na daktari, awe anajua ama hajui. Pasta sikumtaja. Lakini jioni nilimpigia simu nikamuuliza afya, akasema Bwana ni mwema, nikaacha hapo.

Daktari akasema hawezi kuapa kwamba figo ni nzima mpaka apime tena. Langat aache unga, aache ile sotet, aache gym, anywe maji, apumzike, arudi baada ya wiki mbili. Nikamwomba ampigie supervisor aeleze. Akapiga mbele yetu. Supervisor akasema amesikia, lakini chai haingoji figo za mtu. Akipata mrefu mwingine wa kubeba na Nyabuto, anachukua.

Na mrefu mwingine akapatikana, wakuu. Coach.

Coach ni mrefu, kimo chao kabisa. Aliposikia kuna nafasi, akafunga gym, akapanda gari akaenda Kericho. Langat alibaki kwa kitanda ameangalia ukuta. Mimi nilitaka kwenda kuvunja kufuli ya hiyo stoo nitupe mikebe yake nje, mke wangu akanishika.

Sasa sikieni hii. Na yeye alipimwa damu. Akarudi akajisifu mwenyewe mbele ya posho yangu, watu wakisikia, kwamba damu yake haina shida yoyote, kreatinini iko chini, figo safi kama maji ya mvua.

Mwalimu yule wa tai alikuwa kwa foleni na mahindi yake. Akamuuliza, "Coach, kwani wewe huweki kwa mursik?"

Coach akacheka, akasema yeye hatumii hizo vitu, tumbo lake haliziwezi.

Watu wote waligeuka kumwangalia. Hata mashine ya posho nilisikia kama imepunguza sauti. Anayeuza hajawahi kulamba kijiko. Mikono yote hiyo mikubwa ni nyama choma na kuinua simiti kila siku, na ametuuzia glukosi kwa karatasi.

Foleni ya gym iliisha siku hiyo hiyo. Niliwasha mashine nikasaga.

Coach akaripoti kazini na Nyabuto. Nyabuto ndiye alinihadithia. Anasema asubuhi walipoanza mstari tambarare, Coach alikuwa mbele anapiga miluzi, amekunja fulana wasichana wa kupima majani waone mikono. Wakafika kwa mteremko. Kushuka akashuka. Kupanda ndio ikawa neno. Kwa sababu Coach miaka yote anainua vitu akiwa amesimama mbele ya kioo. Miguu yake haikuwahi kualikwa gym. Juu ni fahali, chini ni korongo.

Mstari wa pili mikono ikiwa bado mizima, magoti yakaanza kutetemeka. Mashine ikalala upande, chai ikakatwa mpaka kwa mti. Supervisor akaja. Coach akamwambia amekosa warm up.

Alijaribu tena siku ya pili. Kabla ya chai ya saa nne aliweka mashine chini katikati ya mstari, akatembea mpaka barabarani, hakurudi kuchukua hata sweta.

Siku hizo ndizo Langat alirudi kliniki. Sitawadanganya, njiani nilihesabu nguzo za stima. Daktari akatoa damu, akatuacha kwa benchi, akarudi amesimama kwa mlango. Akasema kreatinini imeshuka, iko mahali inafaa, mkojo ni safi. Akasema hilo neno pole pole sana, na "ni" zote mbili, ndio tusikimbie kutangaza kitu kingine.

Yangu pia imeshuka, kwa wale mlikuwa mnapanga kuchanga.

Akapiga simu kwa supervisor. Supervisor alikuwa ana mashine moja imelala na kijana mmoja mrefu amekaa kando yake. Hakuuliza maswali mengi. Alisema huyo Langat aje na gumboots.

Leo ninavyoandika, Langat na Nyabuto wako huko. Wiki za kwanza Langat alikuwa anapiga simu akisema miguu si yake. Mwezi huu alikuja nyumbani nikamwona mgongo, nikashangaa, ni mgongo wa mtu. Hana glavu, hana mkanda, anakula ugali na maharagwe na sukuma, akipata omena au yai anashukuru, analala mapema kwa sababu hawezi kufanya kitu kingine. Zamani alikuwa analipa ndio abebe. Siku hizi analipwa.

Sasa nikujibu wewe kijana uliyeuliza.

Daktari hakusema kreatini ni sumu, na mimi sitasema. Alisema kwa mtu mzima mwenye afya inasaidia kidogo, kwa yule ambaye tayari anafanya mazoezi sawasawa na anakula. Wewe wa wiki ya kwanza mwili wako unaongeza nguvu kwa sababu tu umeuamsha. Hata ukiinua jiwe utaongeza nguvu. Ukinywa unga leo hutajua ni unga umefanya kazi ama ni jiwe.

Kwa hivyo anza na sahani. Mayai, maharagwe, maziwa, omena. Ile pesa ya kijiko cha Coach inanunua mayai, na yai hakuna mtu ameweza kuchanganya na glukosi. Fanya miezi kadhaa. Na fundisha miguu, usije ukawa korongo.

Ukifika hapo na bado unataka, usinunue kwa kijiko, usinunue kwa karatasi. Nunua ile ya kawaida kabisa, daktari aliita monohydrate, haina rangi wala ladha ya embe, na ndiyo rahisi kuliko hizo zenye picha za simba. Nunua kwa duka la dawa unalolijua, mkebe umefungwa, tarehe inasomeka, alama ya viwango iko. Kama ni ghali, changeni wawili mkae na mkebe wenu. Kijiko kidogo cha chai kimoja kwa siku kinatosha, loading wachia lori. Changanya na maji, unywe hapo hapo. Usiilaze mahali popote.

Na ukienda kupimwa damu, mwambie daktari unatumia. Akikuambia kitu kiko juu, kaa chini usikie jina lote mpaka mwisho.

Haya, nimemaliza, uwanja ni wenu. Wanaojua figo kuliko mimi wanirekebishe, sitanuna. Walionunua kwa kijiko waseme walipata nini. Na nyinyi mnaouza humu, najua mko wengi na mnasoma, mje mjibu jambo moja tu kabla ya kunitukana: nyinyi wenyewe mnakunywa?